Jinsi Nilivyouokoa Mkwaju Wangu wa Bonsai

Majani ya mkwaju wangu wa bonsai (mti unaodumazwa makusudi ndani ya chungu), ninaoutunza barazani Likoni, Mombasa, yalikuwa yakikauka ncha, huku ukoko mweupe ukitanda kwenye ukingo wa chungu. Mbolea haikusaidia. Chanzo kilikuwa maji ya kisima, ambayo kwetu yana chumvi: maji yanapokauka chumvi hubaki, na katika chungu kifupi hurundikana hadi mizizi ikashindwa kunyonya hata udongo ukiwa umelowa. Nilikinga maji ya mvua za masika, nikayamimina polepole mpaka yakatiririka kwa wingi kupitia matundu ya chini, nikarudia hivyo kwa majuma kadhaa. Kisha nikauhamishia mti katika mchanganyiko wa mboji na matofali ya udongo yaliyopondwa, nikiepuka kokoto za matumbawe kwa kuwa zina chokaa. Majani mapya yalichipuka yakiwa safi.

Mbuyu nilio nao ni mwepesi zaidi kuutunza, kwani unapopukutisha majani hauhitaji maji karibu kabisa. Junipa (mti wa jamii ya mtarakwa), hata ikisifiwa namna gani na wauzaji, siishauri hapa, maana huhitaji mapumziko ya baridi kali ambayo Mombasa haina.