Shemeji, anza na mizani

Kila Jumapili, kwenye saa tisa alasiri, simu yangu huanza kutetemeka juu ya meza ya kazi. Ni shemeji, mume wa mdogo wangu wa kike. Kwao Houston ndiyo kwanza saa moja asubuhi, watoto wamelala, naye kajificha gereji na kikombe chake cha kahawa. Mimi niko dukani Ngamiani, Tanga, Barabara ya Nane, mlango nimeurudisha nusu, napepeta taka za wiki nzima kutafuta chembe za dhahabu zilizoanguka chini. Usonara ndio kazi yangu, kama ilivyokuwa ya baba.

Jumapili moja akaniambia, "Shemeji, nataka kuanza kujaza risasi mwenyewe hapa nyumbani. Nishauri ninunue nini."

Nikamuuliza, huyo anayeshauriwa mambo ya risasi ni mimi, muuza vipini na hereni? Akasema ndiyo, kwa sababu kila anachokisoma kinaishia kwenye mizani, na mtu wa mizani anayemjua yeye ni mmoja tu.

Kwanza niseme, asije mtu akaniharibia. Huku kwetu silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi chumbani kwako bila kibali ni kesi. Kule Texas ni mazoea, kama hapa mtu anavyoshona nyavu zake barazani. Shemeji ni kijana wa Pangani, swala tano, lakini kila msimu huitwa na mkulima mmoja akamsaidie kupiga nguruwe pori wanaofukua shamba. Hali, hagusi, anapiga tu na kurudi. Bunduki yake ni ya .308, namba ya aina ya risasi inayokula. Ana na bastola ya .38 Special ya kulenga shabaha. Risasi za dukani zimempandia bei, na maganda ya shaba amekuwa akiyaokota na kuyaweka kwenye ndoo miaka mitatu.

Ikabidi nijifunze. Risasi ni vitu vinne: ganda, fataki ya kwenye kitako, baruti na kichwa. Ukishapiga, kichwa kimeondoka, baruti imeungua, fataki imekufa, lakini ganda limebaki, nalo ndilo la gharama. Kulijaza upya ni kutoa fataki kuukuu, kulirudisha ganda kwenye kipimo chake maana limetanuka, kutia fataki mpya, kumimina baruti iliyopimwa, kisha kukandamiza kichwa mahali pake. Kazi ya meza, taa na subira. Usonara mtupu.

Akaanza kunitumia picha. Ya kwanza ilikuwa ya mashine kubwa ya buluu yenye mirija na sahani inayozunguka, kila ukivuta mkono risasi moja nzima inadondoka. Macho yalikuwa yamemtoka. Ya pili ilikuwa ya chuma kizito cha kijani kutoka kampuni ya RCBS, inaitwa Rock Chucker, yenye nafasi ya dai moja tu, yaani kalibu ya chuma ambamo ganda husukumwa. Unafanya hatua moja kwa maganda yote mia, unabadilisha dai, unaanza hatua ya pili. Nikamwambia chukua hiyo ya kijani. Mashine inayofanya mambo matano kwa mvuto mmoja inataka mtu anayejua kila jambo likikosewa lina sura gani, na wewe hulijui hata moja. Kijana anayekuja kujifunza kwangu simpi mtungi wa gesi siku ya kwanza. Anapiga tupa miezi.

Alinuna kidogo. Mdogo wangu, mkewe, alinihakikishia.

Kwenye mizani ndipo tulipokaa Jumapili nne. Wao hupima baruti kwa greni. Jina limetokana na punje ya nafaka, na pauni moja ina greni 7,000. Aliponitajia nikacheka, maana greni naijua tangu utoto: tola yetu ya dhahabu, ile ya gramu 11.66, ni greni 180 kamili. Bibi zetu hapa Tanga walipimiwa bangili kwa kipimo ambacho Mmarekani anapimia baruti, wala hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nikajiona mtaalamu. Nikageuza simu nimwonyeshe mizani yangu ya dukani, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, nikamwambia tafuta kama hii. Akapiga hesabu palepale. Sehemu ya mia ya gramu ni greni 0.15. Vitabu vya wajaza risasi vinataka usome hadi greni 0.1. Mizani ninayojisifia mbele ya wateja ni butu kwa kazi yake! Nilinyamaza, nikajifanya naitikia salamu ya mtu nje.

Mwishowe alinunua mbili. Moja ya umeme, na moja ya kizamani yenye mkono unaoning'inia, haina betri. Ile ya umeme ikaanza vituko wiki hiyohiyo. Anapima kitu kilekile mara tatu, inampa majibu matatu. Akataka kuirudisha dukani. Nikamwambia nionyeshe meza yote, usinionyeshe mizani peke yake. Akazungusha kamera: kiyoyozi juu ya kichwa chake kinapuliza, na simu yake ya kazini imelala sentimita chache kando ya sahani. Mimi hapa nikipima pete ya harusi nazima panga boi kwanza, mteja atoke jasho kidogo. Alipozima kiyoyozi mizani ikatulia. Nikamtafutia na jiwe la kujaribia la bure: sarafu yao ya senti tano ikiwa mpya ina uzito wa gramu 5 kamili, yaani greni 77.16. Jiwe halisi alilinunua baadaye.

Kwa nini nimng'ang'anie mtu kwa sehemu ya kumi ya greni? Kwa ajili ya hiyo .38 yake. Ni risasi ya mwaka 1898, ganda lake lilipangwa kwa baruti nyeusi ambayo hujaa tele. Wa Tanga tunaijua hata bila kuigusa: Novemba 1914, Waingereza waliposhushwa hapa Raskazone wakafukuzwa, sehemu ya askari wa upande wa Wajerumani walibeba bunduki za mfano wa 1871, na kila wakipiga wingu la moshi liliwasaliti walipojificha. Habari za nyuki waliowavamia askari siku ile kila mtu anazo. Za moshi husikii. Sasa baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, kwa hiyo kwenye ganda lile inakaa chini tu kama sukari kwenye kikombe. Ukisahau ukamimina mara mbili, ganda linapokea na halimwagiki. Silaha ndiyo itakayokujulisha, ikipasukia mkononi.

Ndiyo maana nilimshikilia anunue kibao cha matundu hamsini kabla ya pambo lolote. Unayasimamisha maganda yote, unamimina, kisha unamulika tochi tundu kwa tundu kabla ya kufunika hata moja. Kibao ni bei ya chakula cha mchana. Na baruti ni aina moja tu mezani, ndani ya kopo lake lenye jina. Na kitabu cha vipimo awe nacho cha karatasi, aanzie kiwango cha chini kilichoandikwa humo, asimsikilize mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo.

Dai za .38 alichukua zenye pete ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, hazihitaji mafuta. Za .308 zinahitaji, kwa sababu lile ganda lina shingo. Hakunisikia. Ganda la tatu likanasa ndani ya dai, hatoki huyu wala yule, akashinda Jumamosi nzima akitoboa na kuvuta. Nami nimeshakata waya wa fedha kwa kuuvuta kwenye bamba la matundu bila nta, tena mbele ya baba, kwa hiyo sikumcheka sana.

Vitu vingine vilikwenda haraka. Kalipa ya kupimia urefu wa ganda, miwani, nyundo ya plastiki ya kung'olea kichwa ukikosea. Seti ya mashine aliyonunua haikuwa na dai wala kalipa, jambo ambalo picha ya kwenye boksi haikumwambia. Katika ndoo yake ya maganda yalikuwemo yenye vitundu viwili badala ya kimoja pale fataki inapokaa. Hayo yalimvunjia pini ya kusukumia fataki kuukuu, akayatupa.

Kilichonifurahisha mimi ni mashine ya kusafishia. Ni bakuli linalotikisika, unalijaza magunzi ya mahindi yaliyosagwa pamoja na maganda, unaliacha masaa, shaba inatoka inang'aa. Magunzi! Hapa tunayawasha jikoni. Nimemwomba fundi wa kinu kimoja anisagie debe moja, na nimefunga mota ya feni mbovu chini ya beseni. Bangili za shaba zinatoka vizuri. Za fedha bado zinaingia mikwaruzo.

Jumapili iliyopita karudi na ile picha ya mashine ya buluu. Anasema sasa ameshajaza risasi mia sita, hajakosea. Nimemwambia alete kamera juu ya kibao cha matundu nihesabu mwenyewe.