Siku yangu moja na watu wa kizunguzungu

Saa 1:30 asubuhi
Nawahi kazini, na si kwa uhodari. Nikichelewa, kitanda changu kinachukuliwa na wenzangu wa mifupa. Nafanya fiziotherapia katika hospitali moja mkoani Morogoro. Nakivuta kitanda kitoke ukutani ili kichwa cha mgonjwa kipate pa kuning'inia, naweka ndoo chini. Bila ndoo siku haianzi.

Saa 2:40
Anaingia mama muuza vitumbua, kaushika ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Presha yangu inapanda nikilala."

Mkononi ana mfuko: vidonge vya presha alivyopewa na jirani, dawa ya malaria, na sinarizini, dawa ya kizunguzungu, aliyoimeza miezi mitatu. Namwuliza kizunguzungu kinamjia akifanya nini. "Nikigeukia kulia kitandani. Na nikiangalia juu kushusha beseni." Kinakaa muda gani? "Kidogo tu, lakini nyumba yote inazunguka."

Presha haijui kulia wala kushoto. Namkalisha, namgeuza kichwa nyuzi 45 kulia, namlaza upesi, kichwa kikishuka kidogo nje ya kitanda. Tunangoja. Sekunde ya tatu, ya nne, mara macho yanaanza: yanapinda kuelekea sikio la chini huku yakirukaruka kwenda upande wa paji la uso. "Nakufa!" Kucha zake zimeingia mkononi mwangu. "Hufi mama, usifumbe macho, niangalie mimi." Baada ya sekunde kama 20 yametulia.

Jaribio hili walilieleza Margaret Dix na Charles Hallpike, London, mwaka 1952. Ndani ya sikio kuna chembe za chokaa zilizonata kwenye utando wake. Zikibanduka zikadondokea kwenye mfereji wa nyuma, mmoja wa mifereji midogo ya sikio inayopima mzunguko wa kichwa, kila ukigeuka zinayasukuma maji ya humo, na ubongo unapelekewa habari kwamba kichwa kinazunguka. Ni mchanga ndani ya mpira wa maji. Kidonge kitautoaje?

Unatolewa kwa kuugeuza mpira, na njia hiyo John Epley wa Portland, Marekani, aliichapisha mwaka 1992. Mama bado kalala. Namgeuza kichwa nyuzi 90 kwenda kushoto, nahesabu hadi 40. Kisha namwambia alalie bega la kushoto, uso utazame sakafu. Ndoo inafanya kazi yake. Nahesabu tena, halafu namkalisha taratibu, mkono wangu mgongoni kwake, maana hapa ndipo wengi huyumba.

Anapumzika, tunarudia jaribio. Macho kimya. Anatazama dari, anashusha kichwa, anatazama tena.

"Sasa dawa yangu iko wapi?"

Swali hili linanishinda kila wiki. Mtu akitoka mikono mitupu anaona hajatibiwa.

Saa 4:50
Kijana wa bodaboda, alianguka wiki mbili zilizopita. Kwa mazoea namfanyia yale yale, mara mbili, anatapika bure. Ndipo namlaza chali nimgeuze kichwa huku na huku, nayatazama macho yake vizuri: yanakwenda ubavuni, kama ya mtu anayesoma mistari upesi. Chembe zimeingia mfereji wa pembeni. Namwomba radhi, namgeuza mwili mzima hatua kwa hatua kama mshikaki. Haraka yangu imemgharimu saa nzima.

Saa 7:10
Mzee kaletwa na wanawe. Kizunguzungu hakijakata tangu usiku, ulimi mzito, hawezi kukaa bila kuegemezwa. Huyu simlazi hata kidogo. Kiti cha magurudumu, mbio hadi dharura, maana hizo ni dalili za kiharusi.

Saa 8:00
Chai na mihogo.

Saa 10:20 jioni
Namkuta mama wa asubuhi kituoni, shingo kaikaza kama kabeba ndoo ya maji. Jirani kamwambia asilale siku mbili, akae kwenye mito mitatu. Zamani hata sisi tulikuwa tunasema hivyo. Namwambia alale ubavu anaoutaka, na kikirudi aje, kwa kuwa hurudi kwa baadhi ya watu.

"Basi leo nitajaribu wa kulia," anasema. "Ila mjukuu wangu alale karibu."