Sambaza wa Kivu na kanuni za wavuvi
Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia Mmarekani, alidai kwamba mali inayotumiwa na wote bila udhibiti huishia kuharibika. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza misitu, malisho na mifereji ya maji katika nchi mbalimbali, akaonyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kuitunza mali hiyo endapo mipaka inajulikana, wanashiriki kutunga kanuni, wanasimamiana, na adhabu huongezeka kwa anayerudia kosa.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nalitazama jambo hili kupitia sambaza, samaki walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu hushusha wavu mmoja, kazi isiyowezekana bila watu kuelewana. Lakini anayekokota neti ya mbu ufukweni huzoa hata samaki wachanga, na hasara huwafikia akina mama wanaouza sambaza katika soko la Kadutu. Naamini marufuku ya ofisini pekee haitoshi, kwa kuwa wanaomwona mkosaji kwanza ni wavuvi wenzake. Hao ndio washirikishwe kuamua ukubwa wa matundu ya wavu na muda wa kupumzisha ziwa, tena pamoja na wavuvi wa Rwanda wanaovua katika maji hayo hayo.