Shata ya kamera inakwama kwenye sekunde moja
Hii kamera ya mtumba ya lenzi mbili niliyoitoa soko la Kibuye imenihangaisha, jamani. Kwenye kasi ya 1/250 ya sekunde, shata, kile kipazia cha kuruhusu mwanga, inalia tik, safi kabisa. Iweke sekunde moja: inafunguka halafu inazubaa wazi, mpaka uiguse ndipo ijifunge. Fundi wa saa hapa Kondele alitoa bamba la mbele, akanionyesha grisi ya zamani iliyoganda kwenye vigurudumu vya kasi ndogo, rangi ya asali. Akaisafisha kwa petroli ya kujazia kiberiti cha laita, tone kwa tone, kwenye ncha ya kijiti cha meno. Ukimwaga, inatambaa hadi kwenye lenzi. Kile kisaa cha kujipiga picha sikigusi. Kikikwama, shata yote imelala. Filamu ya 120 inatoa picha 12 tu za sentimita 6x6, na bei yake, weh! Nani bado anasafisha filamu za nyeusi-nyeupe hapa Kisumu?