Fumbo la Allidina

Alasiri ile mwalimu wetu wa historia, pale skuli ya Allidina Visram, Mombasa, hakugusa kitabu. Aliandika neno la ufunguo, TUDOR, ubaoni, na chini yake akapanga herufi tano tano: MELII, NATOK, AKILI, NDINI, USIKU. Meli inatoka Kilindini usiku.

"Haya, sasa tuufiche."

Kwanza akazipa nambari herufi za TUDOR kwa mpango wa alfabeti: D 1, O 2, R 3, T 4, U 5. Kisha akanakili safu moja moja, juu kwenda chini, akianza na iliyo chini ya D. Akafuta mengine yote, tukabaki na LTIII IOLNK IKIIU MNANU EAKDS.

Sisi tuliokuwa tukisema kinyume tangu utotoni, nyumba tukaiita mbanyu, tuliona ni mchezo uleule. Wapi! Kinyume huvuruga neno moja moja. Hapa herufi za neno hutawanyika ujumbe mzima, na mwenye kunakili akiruka moja tu, zote zinazofuata huhama nafasi.

Kwamba skuli ilijengwa na mwanawe Allidina Visram, mfanyabiashara wa Kutch, India, aliyefariki 1916, hilo tulilijua. La 1942 ndilo lilikuwa geni. Aprili mwaka huo Wajapani waliishambulia Colombo, Sri Lanka ya leo, kwa ndege, na wavunja misimbo ya siri wa jeshi la majini la Uingereza waliokuwa huko wakahamishiwa Mombasa. Skuli ikachukuliwa, ikaitwa HMS Alidina, utadhani ni manowari. Redio ndiyo iliyowatesa: adui alikuwa mbali, mawimbi yakifika hafifu, na jumbe nyingi hazikunaswa kabisa.

Na bado ni huku ulikovunjwa JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Waingereza walidhani ni wa kuficha kwa kujumlisha tarakimu, kama JN-25, msimbo wa jeshi la majini la Japani. Kumbe ulikuwa na hatua mbili: maandishi kubadilishwa kwa jedwali la vikundi 100 vya tarakimu mbili mbili, kisha safu kuchanganywa kama zetu za ubaoni. Septemba 1942 Mjapani mmoja alituma ujumbe pungufu, akaurudia na nyongeza kwa ufunguo uleule. Ukiziweka jumbe mbili kama hizo sambamba, zinapoachana ndipo safu zinapojitokeza. Kufika Novemba walikuwa wakisoma za nyuma zote, na mpya papo kwa papo.

"Mwalimu, na lau angebadilisha ufunguo?"

"Wangekuna vichwa mpaka siku ya kurudi Colombo." Walirudi 1943.

Kazi ya nyumbani ilikuwa ujumbe uleule kwa ufunguo KISIWA. I zipo mbili, basi ya kushoto hutangulia. Herufi 25 haziingii sawasawa katika safu sita: ya K hubeba tano, nyingine nne nne. Nusu ya darasa walizigawa ovyo, na kesho yake meli haikutoka bandarini.