Kifungu cha 187: siku yangu moja na kitabu cha kuchagua njia

Saa 11 alfajiri

Chumba changu kiko juu, pale mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, yanapoanza kupanda, na saa hizi nasikia tu watu wanaoshuka na ndoo. Nawasha taa, nafungua kaunta buku. Humo ndani kuna hadithi ninayoiandika tangu mwaka jana, hadithi ya ajabu ambayo msomaji ndiye mhusika mkuu na njia anaichagua mwenyewe. Vifungu vyake vimefika 311. Nimekwama kwenye kimoja.

Kwa ambaye hajawahi kucheza kitabu cha namna hii: hukisomi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Unasoma kifungu cha 1, kisha unaulizwa. Ukifungua mlango, nenda 64. Ukirudi ulikotoka, nenda 209. Namba zimechanganywa makusudi, jicho lisije likaiba jibu kwenye kifungu cha jirani. Mkononi una penseli, karatasi na dadu mbili. Naipenda mno -ki- yetu kwa kazi hii. Ni silabi moja, na njia imeshafunguka: ukivuta, ukikata, ukinyamaza.

Cha 187 kinasema hivi: uko ziwani usiku, injini imezima, wingu jeusi linakuja kutoka upande wa visiwani. Ukirudi nchi kavu kwa kasia, nenda 52. Ukiendelea kuelekea kisiwa kisichoonekana mchana, nenda 298. Watu saba wamenijaribia kitabu hiki, na wote saba wamerudi nchi kavu. Kifungu cha 298, ambacho nilikiandika kwa wiki nzima, hakijasomwa na mtu.

Saa 2 asubuhi

Nafungua steshenari. Fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, wanafunzi wenye flashi zenye virusi. Hadi saa 5 sishiki kalamu yangu.

Ila nyuma ya kaunta, ukutani, kuna karatasi nne za manila nilizoziunganisha kwa gundi. Hiyo ndiyo ramani ya kitabu: kila kifungu duara, kila uamuzi mshale. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama ni mchoro wa umeme. Bila ramani ningepotea, maana hesabu yake inatisha. Kila uamuzi ukizaa njia mbili zisizokutana tena, maamuzi 10 tu yanadai miisho 1,024. Hakuna anayeweza kuandika hivyo. Kwa hiyo njia zinaachana, zinazunguka, kisha zinakutana tena kwenye daraja moja, na tofauti inabebwa na karatasi ya msomaji. Nikimwambia aandike neno DENI, nina uwezo wa kumuuliza vifungu mia baadaye: je, una neno DENI? Ukiwa nalo, nenda 263. Hivyo kitabu kinakumbuka alichofanya.

Saa 6 mchana

Mdogo wangu anashika duka, mimi napanda daladala hadi Kirumba. Njiani nacheza. Leo ni Lone Wolf, mfululizo ulioanza mwaka 1984. Mwandishi wake, Joe Dever wa Uingereza, aliruhusu vitabu vile visambazwe bure kwenye intaneti, na mimi huchapa kurasa chache kila nikiwa na wino. Ni vitabu vinavyofaa kwa daladala kwa sababu havihitaji dadu: kuna jedwali la tarakimu, 0 hadi 9, unafumba macho na kulichoma kwa ncha ya penseli. Leo nimepata 0 nikiwa kwenye hali mbaya, na abiria wa pembeni akaniuliza kama nimepokea taarifa ya msiba.

Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kuna mzee ninayemfahamu, anashona nyavu kivulini. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki mbele ya mwezi, ndiyo maana leo yupo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaandika lile zimwi lako?"

Namsomea cha 187. Anasikiliza bila kuinua macho kwenye sindano. Nikimaliza anauliza: "Na wavu uko wapi?"

Sikuwa na wavu. Niliandika mtumbwi, injini, wingu, kasia, nikamtuma mtu ziwani usiku bila kazi yoyote.

Anaweka sindano chini. Ananiambia wingu likitokea, kurudi siyo jambo la kufikiria mara mbili, kila mtu angerudi. Ugumu ni kwamba wavu umeshashuka majini, na wavu si wako, ni wa tajiri. Ukiuvuta kwanza, wingu linakukuta. Ukikata kamba ukakimbia, umepona, lakini utakaa miaka ukilipa. "Pale ndipo watu wanapotazamana kwenye mtumbwi," anasema, "na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushika kisu."

Naandika maneno yake nyuma ya kurasa za Lone Wolf.

Saa 9 alasiri

Wali na dagaa, haraka, nikiwa nimesimama.

Saa 10 jioni

Duka limetulia. Sasa naandika.

Nilijifunza kazi hii kwenye kitabu kimoja nilichokikuta kwenye rundo la vitabu vya mitumba, jalada limechanika: The Warlock of Firetop Mountain cha Steve Jackson na Ian Livingstone, cha mwaka 1982, vifungu 400. Kanuni zake ninazitumia hadi leo. Una alama za Bahati. Ukitaka kuijaribu unatupa dadu mbili. Jumla isipozidi alama zako, umeokoka. Lakini kila unapoijaribu, inapungua kwa 1, hata ukishinda.

Rasimu ya kwanza ya kuvuta wavu ilikuwa na majaribio mawili ya Bahati. Nikakaa na kikokotoo. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Mwenye Bahati 7 anaokoka kwa namna 21. Jaribio la pili ana 6, anaokoka kwa namna 15. Kuyapita yote mawili ni chini kidogo ya robo. Hiyo ni kumwadhibu mtu kwa kuwa jasiri, na msomaji akishaonja hivyo mara mbili, ataacha kuchagua, ataanza kuotea. Nimeacha jaribio moja. Anayeokoka anafika na wavu, lakini amepoteza alama 4 za Nguvu, na mbele kuna Shing'weng'we.

Zimwi hilo sikulibuni. Wasukuma wanalo tangu zamani: lilimeza kijiji kizima, akabaki mama mjamzito aliyejificha, na mwanawe Masala Kulangwa akaja kuliua na kulipasua tumbo watu watoke. Bibi yangu wa Magu akinisimulia, alipofika pale kisu kilipokata sikio la kikongwe mmoja aliyekuwa tumboni, na kikongwe akatoka na hasira badala ya shukrani, mimi nilikuwa nauliza kila mara: na angekata upande wa pili? Bibi alikuwa ananinyamazisha. Swali lile ndilo ninaloliandika.

Sasa kisu cha kupasulia na kisu cha kukatia kamba ni kimoja. Ukikata kamba, andika DENI. Kwenye 263 tajiri anakungoja ufukweni na anachukua kisu.

Nahodha nimemwacha alivyo. Ni mwanamke, na msomaji hajui hadi kifungu cha 240, kwa sababu "akasema" na "akashika usukani" havimfichui mtu.

Saa 1 usiku

Binti wa jirani, miaka kumi na mmoja, anakuja na dadu zake. Hajafika 187 kabla, na simwambii kitu. Anasoma kwa sauti. Anafika. Ananyamaza, ameacha kidole kwenye kifungu alichotoka, ujanja wa wachezaji wote.

"Wavu ni wa nani?"

"Soma."

Anasoma tena. Anakata kamba. Anaandika DENI kwa herufi kubwa, anapita kisiwani, anapata taa, anacheka kidogo, kisha anafika 263 na tajiri anamnyang'anya kisu.

"Mbona siongei?"

"Unasemaje?"

"Dada, hapa tajiri anachukua tu. Mimi sijasema kitu. Ningemwambia wimbi ndilo lililokata."

"Ungemdanganya?"

Anafikiri. "Sijui. Niandikie zote mbili nichague."

Navuta kaunta buku. Ukimwambia ukweli, nenda 312. Ukisema ni wimbi, nenda 313. Anasubiri, dadu ziko kiganjani mwake, nami naanza kuandika cha 312.