Siku Mzee Alipokalia Mbuzi Ngamiani

Shemeji amehamishwa tena, safari hii Tanga. Mtu mwingine angeuliza nyumba za kupanga au shule za watoto. Yeye kama kawaida yake kanitumia meseji moja tu: "Kaka, Tanga watu wanakula wapi?"

Hii sifa nimeipata kwenye ile kazi ya vitabu. Kuzunguka mikoani na maboksi ya vitabu vya shule kuliniachia mgongo mbovu na jina la mtu anayejua pa kula kila mji, na kwa kweli jina hilo silikatai. Mwanza nenda karibu na Mwaloni, kuna sato wa kukaanga na ugali wa moto usioshikika. Moshi asubuhi ni mtori, na wakikuuliza nyama ya mfupa au steki, sema mfupa. Hapa Dodoma Jumamosi hakuna mjadala, ni mnadani Msalato. Zanzibar, Forodhani pale kapige picha, lakini urojo kaule mchana, uchochoroni, kwa mama ambaye sufuria ikiisha anafunga biashara. Mahamri na mbaazi za nazi nilivuka Horohoro mpaka Mombasa kuyafuata, bosi nikamwambia nakwenda kuangalia soko la vitabu. Bagamoyo usipoteze muda mezani. Teremka soko la samaki, pale kina mama wamepanga makarai karibu na maji, ngisi anatoka kwenye mafuta unamtazama. Ukishiba ndipo uende Kaole kuyaona magofu. Magofu yamesubiri miaka mingi, ngisi hasubiri.

Tanga nayo nilianza vizuri. Nikamwandikia supu ya pweza ya jioni, bajia, mishkaki, mkate wa kumimina. Halafu nikakwama, maana kila nikiandika Tanga namwona mzee wangu na suti yake ya Kaunda ya kijivu.

Ilikuwa 2009. Tulimleta kutoka Kigoma kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Dar. Daktari aliporidhika na hali yake, mzee akasema harudi Kigoma kabla hajaiona Tanga. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu Tanga tumekua nayo ndani ya nyumba. Tulijua jinsi watu wa Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, walivyokuja kuchukua vijana kabla ya Uhuru, jinsi walivyopakiwa treni, halafu malori, jinsi kila mmoja alivyopewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Tulijua habari za kipande, ile kadi ya kazi, na umande wa alfajiri kwenye mistari ya mkonge, na miiba. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni huko kama yeye: Mjerumani Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893. Mzee alikuwa na kovu kwenye kiganja cha kushoto, karibu na kifundo, na kovu lile lilikuwa fimbo yetu. Ukichelewa kwenda shamba unaoneshwa kovu. Ukilalamikia dagaa unaoneshwa kovu. "Mngekuwa ninyi, yule bwana shamba angewarudisha siku hiyo hiyo."

Safari nitaipita haraka. Basi la asubuhi, Chalinze, Segera, na kuanzia hapo mzee hakuzungumza tena na mtu. Muheza tukanunua machungwa dirishani. Kambi yake ilikuwa kati ya Muheza na Ngomeni, tukashuka, tukatembea, tukauliza. Mkonge upo, korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, haipo, na vijana tuliowauliza walikuwa wapole sana lakini hawakuelewa tunatafuta nini. Mzee alisimama kidogo kwenye mihogo ya mtu, akasema twende mjini tukale.

Mjini nako alikuwa na mahali pake. Siku ya mshahara, alisema, walikuwa wakija Ngamiani kula kwenye hoteli ya Mwarabu mmoja, mlangoni kuna mwarobaini. Tulishuka stendi ya zamani, kabla hawajaihamishia Kange, tukaanza kukata mitaa. Ngamiani barabara zina namba badala ya majina, ningedhani kwa mtu aliyewahi kuwa namba ingekuwa rahisi, lakini tulizunguka mpaka viatu vikaanza kumbana. Tulipoufikia mtaa aliodhani ndio wenyewe tukakuta duka la simu. Mwarobaini hata kisiki. Ilishapita saa saba, jua linachoma, na mzee ana yale madude meusi ya hospitali machoni, kila mtu anamwangalia akidhani ni mwanamuziki mstaafu.

Basi tukaingia kwenye banda la kwanza lenye moshi. Benchi mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki, mama mnene wa makamo kwenye majiko, na binti wa miaka kama kumi na minne hivi pembeni amekalia mbuzi, anakuna nazi. Chakula kilikuwa bada na mchuzi wa papa mkavu. Mzee alipoiona bada akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, maana ugali wa muhogo Kigoma ndio chakula. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna polepole. Akachovya tena. Kisha akauinamisha ule mchuzi kwenye bakuli kuelekea mwanga, akauangalia kwa juu ya miwani.

"Binti," akasema, "hii nazi unaikuna mpaka gandani."

Mama akageuka na upawa mkononi. "Shikamoo baba. Umesemaje?"

"Marahaba mwanangu. Mchuzi mtamu, sina neno. Ila tui limeingia weusi. Huyu mtoto anakwangua mpaka kifuu."

"Baba kwani wewe mtu wa wapi?"

"Kigoma."

Banda zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. "Kigoma!" mama akasema. "Huko si mnakula mawese? Nazi umeijulia wapi, baba yangu?"

Mzee hakujibu. Alinyanyuka, akavua viatu akavipanga chini ya benchi, akavua koti la Kaunda akanikabidhi, akakunja suruali mpaka chini ya magoti. Binti akampisha huku akinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye ningejua la kufanya. Mzee akakalia mbuzi.

Sijui kama nitaweza kuieleza hii kwa mtu asiyemjua baba yangu. Huyu ni mtu ambaye nyumbani hata maji ya kuoga alitengewa. Jikoni alikuwa anaishia mlangoni, anaita kutokea hapo. Mwaka ule mama alipougua, dada mkubwa aliondolewa shule muhula mzima akapike, kwa sababu nyumba haikuwa na mpishi.

Akaomba panga. Akaiweka nazi kwenye kiganja cha kushoto, akaigonga kwa mgongo wa panga, akaizungusha kidogo, akagonga, akazungusha, na kwenye pigo la nne au la tano ikapasuka katikati sawasawa, maji yote yakaingia kwenye kikombe. Akayanywa. Kisha akaanza kukuna. Hakuanzia katikati kama alivyokuwa akifanya yule binti. Alianzia ukingoni, vipigo vifupi, kifuu kinazunguka chenyewe mkononi mwake, nazi inashuka kwenye sinia nyepesi na nyeupe. Macho bado yalikuwa hayajatulia, kwa hiyo kila baada ya muda alisimama akaingiza dole gumba ndani ya kifuu, akapapasa, akaendelea. Alipomaliza akamwinulia binti kile kifuu. Ndani kulikuwa kumebaki utando mwembamba mweupe pande zote.

"Hapa unaacha. Hiki kilichobaki usikionee uchungu."

Hakuishia hapo. Akaomba kifumbu. Akadai maji ya uvuguvugu, ya moto akayakataa. Akakamua tui la kwanza akaliweka kando, akairudishia maji ile nazi akakamua la pili na la tatu, haya akayamimina kwenye sufuria mpya yenye papa, nyanya na vipande vya embe bichi. Wateja walikuwa wanaongezeka. Mpagazi mmoja wa sokoni akauliza, jamani, sisi tunakula leo au kesho? Mama, mikono kiunoni, akamwambia anyamaze. Mchuzi ulipotokota mzee akalitia lile tui zito, na hapo upawa haukutulia tena, anachota, anainua juu, anamimina, anachota.

"Ukiliacha peke yake litakatika," akasema, safari hii si kwa binti, hata sijui alikuwa anamwambia nani. "Nimepikia watu 80 kila siku, halikukatika."

"Wapi huko, baba?" mama akauliza.

"Kambini. Ngomeni huko."

Mimi nimesimama na koti mkononi.

Tulikula mara ya pili. Sisemi ulikuwa mchuzi mtamu kuliko yote niliyowahi kula, maana siku ile ningekula hata kitambaa cha meza nisijue, lakini ulikuwa mweupe, mzito, papa amelainika na ule ukali wake wa chumvi umetulia ndani ya tui. Mpagazi aliongeza sahani. Wakati wa kulipa mama akakataa katakata kupokea hela ya mzee. Akapokea yangu.

Usiku gesti nilimuuliza. "Baba, kumbe ulikuwa mpishi?"

"Nilikata mkonge pia. Kisha mpishi akaumwa, wakaniweka mimi."

"Muda gani?"

"Mpaka naondoka."

"Mbona hukutuambia?"

Akavua miwani, akaweka zile dawa zake za macho tone tone, akasubiri zishuke. "Wewe ukiwa namba kazi wanakupangia wao," akasema, akageukia ukutani. Kovu lilikuwa juu, kwenye mwanga wa taa. Nililitazama sana. Mwiba wa mkonge hutoboa, na lile kovu ni pana na laini. Lakini mimi si daktari, na kuna umri mtu akishafika humuulizi tena mara mbili.

Nilimpigia mama simu asubuhi yake nikidhani nampelekea kichekesho. Kimya upande wa pili mpaka nikafikiri salio limekwisha. Kisha akauliza, "Alikuna vizuri?" Nikasema vizuri sana. "Kwa hiyo miaka yote hii," mama akasema, "alikuwa anasubiri nazi?"

Dada mkubwa hakucheka kabisa. Kila nilipomweleza sehemu ya kifuu na dole gumba aliniambia sawa, nimesikia. Yeye aliurudia mwaka ule wa shule na wadogo zake wakiwa mbele yake, na mimi ni mmoja wa wanaonufaika na ule ugali aliopika, kwa hiyo sina sauti kubwa hapo. Kaka anamtetea mzee. Anasema kambini kupika ilikuwa kazi ya mtu dhaifu, kwamba mwanamume aliyeondoka kwao Buha kwenda kutafuta mahari hawezi kurudi akasema nilikwenda kukorogea wenzangu ugali. Ndiyo maana akarudi na mkonge mdomoni. Inawezekana. Lakini mimi nilimwona pale kwenye mbuzi, na sikuona mtu mwenye aibu. Nilichokiona sijui nikiiteje. Alikuwa na haraka ya mtu aliyekuta kifaa chake mahali asipotegemea. Siku nyingine nafikiri mtu aliyepikia watu 80 kila siku tangu ujana ameshapika sehemu yake yote ya duniani, amechoka, basi. Halafu nakumbuka dada na sare yake ya shule imetundikwa nyuma ya mlango, wazo lenyewe linanishinda.

Mwaka uliofuata nilipita Tanga na vitabu nikalitafuta banda. Wamepanua mfereji, mabanda yote ya upande ule yameondolewa, na muuza vocha aliniambia yule mama amehamia kwa mwanawe. Yule binti, muuza vocha hakumkumbuka.

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Nazi nilizomtumia kwa treni, tano, nzuri, zimekomaa, aliziweka juu ya kabati. Hakuzigusa, wala hakuruhusu mtu azitoe, mpaka moja ikaanza kuchipua. Siku ya arobaini watu wakawa wanasimulia uhodari wake, mzee mmoja jirani akafika kwenye mkonge, akaeleza habari za miiba na umande kama alivyosimuliwa. Tulimwacha amalize. Mama alikuwa ameketi na wenzake kwenye mkeka, akanitazama, kisha akamwinamia shangazi akamnong'oneza, lakini kwa sauti ambayo sote tuliisikia: kwamba yeye ana madai yake na marehemu, na siku wakikutana ataanza nayo jikoni.